Mizani Iko Uwanjani

Benchi la Eness lilikuwa ubao wa mtumbwi wa zamani, umewekwa juu ya matofali kwenye ukuta wa soko la Kashikishi, upande usiofikiwa na moshi wa samaki. Eness aliuza kahawa ya Kongo. Wateja wake wa kila siku mwaka ule walikuwa watatu, na mimi wa nne. Nkonde tulimwita Minisita, kwa kuwa hakuna siri ya serikali aliyokubali kwamba haijui. Kalaba alikuwa Moteri, kwa sababu aliwahi kufanya kazi kwenye gereji ya Elisabethville, huko Kongo. Ngosa, mwimbaji wa kanisani, tulimwita Padri, ingawa alikuwa na watoto tisa. Ijumaa hiyo ndege ndogo ya watalii wa hoteli ya ziwani ilikuwa uwanjani, na mizani pekee ya soko, ile kubwa ya chuma, ilikuwa imebebwa huko na makapaso, matarishi wa boma, tangu asubuhi, maana wazungu hawakupanda ndege bila kupimwa. Mbele yetu alisimama Olipa na vikapu viwili vya samaki wabichi. Mashua ya barafu ya mnunuzi wa Kasenga, upande wa Kongo, ingeondoka saa sita. Aliyeuza samaki alipewa karatasi ya mizani, na kwa karatasi hiyo aliruhusiwa kupanda mashua. Jumapili, huko Kasenga, mjukuu wa kwanza wa Olipa angebatizwa. Mashua nyingine ingekuja baada ya wiki mbili.

— Bana Jessy, kaa chini, alisema Minisita, akimwita kwa jina la binti yake. Bazungu beko saba tu. Mizani itarudia.

— Nitakaa namna gani, ba Nkonde? Samaki iko najua kama saa inapita.

— Mi kitu moja minauliza, alisema Moteri. Juu ya nini mutu mukubwa anapimwa sawa muhogo?

— Iko wazi, Minisita alijibu. Bakikuya, banabapima. Bakirudia, banabapima tena. Kilo yenye inaongezeka, ile njo samaki yetu balikula. Oteli inalipisha kwa kilo.

— Na ule madamu wa mwezi ulipita? aliuliza Moteri. Alirudia mwembamba.

— Ule alipata malaria. Oteli ilipata hasara.

Padri alicheka hadi kahawa ikamwagika. Moteri hakucheka.

— Hapana, ba Minisita. Mi nilifanya na mamoteri miaka ine.

— Uliziosha, alisema Padri.

— Mwenye kuosha kitu anaijua mpaka chini ya tumbo. Avioni iko sawa mutumbwi. Munene akikaa kuume, bembamba bawili banakaa kushoto. Njo maana banapima. Basi.

Mimi niliona maneno hayo yana akili, nikadhani tumefika mwisho. Lakini Minisita alinyanyua kidole.

— Kama ni vile, juu ya nini balipima kofia? Niliona na macho yangu. Madamu alitoa kofia, kofia ikapanda mizani yenyewe, sawa mutu.

Moteri alirudi kwenye kikombe chake.

— Ba Ngosa, alisema Olipa, wewe unajuana na bale makapaso. Enda ubaambie mimi minangojea.

— Mama, kapaso akiwa pembeni ya muzungu hasikie hata mama yake. Ngoja kwanza. Padri aligeukia wenzake, akashusha sauti. Mutasema mi minaota, lakini musikilize. Bazungu bale kazi yao hapa ni nini? Kuogelea. Asubui maji, mangaribi maji. Mutu akikaa siku kumi ndani ya maji, maji inamuingia. Banabapima juu ya kujua kila mutu anapeleka maji ngapi ya Mweru kule Elisabethville.

— Sasa itakuwa namna gani? aliuliza Moteri.

— Itakuwa siku moja tunaamuka, tunakuta ziwa iko Elisabethville. Sisi tuko na matope.

— Maji ni kidogo, alisema Minisita. Mambo yenyewe ni Federasheni, ile serikali moja ya bazungu. Kule mbele banataka kupiga kura kwa uzito. Sisi tuko bengi, lakini tuko bepesi. Bao beko kidogo, lakini mutaona ile mikono! Kwa hiyo banajumulisha kilo za kila muzungu, hata kofia yake. Tutashindwa kwa kilo.

Ubishi ukawaka kuhusu kofia hiyo, kama ni kura au si kura. Ulikatwa na mlio wa injini. Ndege ilipita juu ya paa za soko, ikainamisha bawa moja na kuelekea Kongo. Moteri alituangalia sote, kuhakikisha tumeliona lile bawa.

— Imeenda! alisema Olipa. Mizani iko bure sasa.

— Makapaso batailetea, alisema Minisita.

Eness, aliyekuwa akichochea jiko lake, alisema bila kugeuka:

— Makapaso balipita nyuma hapa sasa hivi. Banaenda oteli. Ijumaa banabapa chakula yenye ilibakia. Habarudie mbele ya saa munane.

— Saa munane mashua itakuwa katikati ya maji, alisema Olipa.

— Hata ingekuya sasa, alisema Padri kwa upole, mizani yenye ilibeba bazungu inapashwa kupumzika. La sivyo itapima samaki kwa kilo ya kizungu.

— Ipumzike saa ngapi? aliuliza Moteri, na hilo nalo tukaliingia.

Hatukuona alipofika mtu wa baiskeli. Jina lake Chalwe, wa Kabuta, mchukuzi wa samaki kwenda bara. Alikunywa kahawa yake amesimama, baiskeli ikiegemea kiuno. Alisikiliza hadi tulipofikia kwamba mizani ilale usiku mmoja, au siku mbili kama kulikuwa na mzungu mnene sana.

— Mizani yenyewe iko fasi gani? aliuliza.

— Kule uwanjani, alisema Olipa. Nyuma ya barabara.

— Nani anaichunga?

— Hakuna mutu.

— Bantu bangapi banaibeba?

— Bane, alisema Padri.

Chalwe alitazama benchi letu, kutoka mwanzo wake mpaka mwisho, bila haraka.

— Na hapa muko bangapi?

Hakuuliza kwa dharau. Nadhani alitaka tu kujua. Minisita alimtazama Moteri, Moteri akamtazama Padri, Padri akanitazama mimi, nami sikuwa na mwingine wa kumtazama. Hatukuwa watu wabaya. Kila mmoja wetu alimpenda Olipa, na tulikuwa tumekaa naye tangu saa tatu.

Bandarini honi ya mashua ililia mara moja, ya kuondoka.

Moteri ndiye aliyesimama kwanza, akifunga vifungo vya shati.

— Tuende basi.

— Kaa, ba Kalaba, alisema Olipa. Alipiga magoti kando ya kikapu cha kwanza, akageuza majani yaliyofunika samaki. Eness, mama, niazime kisu.

Akachagua samaki mkubwa kuliko wote, akaanza kumpasua mgongoni, kwa ajili ya moshi; wabichi wasingengoja mashua ya wiki mbili.