Jailos wa Tusekile, Aliyezima Hospitali Nzima (1986–2025)

Marehemu Jailos Aroni Mwambungu alizaliwa Uyole, Mbeya, tarehe 14 Machi 1986, mtoto wa kwanza wa hayati Aroni Mwambungu na Tusekile. Bibi yake mzaa mama, aliyempokea kwa mikono yake, anasema mtoto alitoka amekunja ngumi, na ngumi ilipofunguliwa mlikuwa na kipande cha waya mwekundu. Mama yake anakanusha. Lakini mama yake siku hiyo alikuwa na mambo mengine ya kuangalia.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1994 hapo hapo Uyole. Akiwa darasa la tatu aliifungua redio ya bibi yake ili awaone watu waliomo. Alipoifunga, skrubu tatu zilibaki mkononi, na tangu siku hiyo redio ikawa inasema Kibemba cha Zambia tu. Bibi hakuitupa. Alijifunza Kibemba. Sekondari Jailos alimaliza mwaka 2004, kisha akaenda Iringa kusomea kompyuta, akatunukiwa stashahada mwaka 2009.

Huko Iringa ndiko alikompata Sarah. Mzee Budeba, baba yake Sarah, mfugaji wa Usangu, alimuuliza, "Kijana, unafanya kazi gani?"

"Natibu kompyuta hospitalini, baba."

"Nazo zinaumwa?"

"Kila siku, baba."

"Basi hutakosa kazi."

Walifunga ndoa tarehe 7 Septemba 2013, wakajaliwa watoto wawili.

Hospitalini kwenyewe aliajiriwa Februari 2010, kitengo cha TEHAMA. Ni hospitali ya umma, hapa Mbeya. Jina halitajwi kwa sababu tumeombwa tusilitaje; nusu yenu mmezaliwa humo, mnaijua. Kazi yake ilikuwa kutembea. Printa ya maabara imekwama, anaitwa. Kompyuta ya mapokezi imeganda, anaitwa. Daktari amesahau nywila mara ya nne wiki hiyo, anaitwa, na hamwambii mtu.

Sasa kuna jambo la tarehe 16 Agosti 2021. Tumeombwa tuliruke, ili msiba uende kwa utulivu. Haturuki.

Siku hiyo, Jumatatu, saa nne asubuhi, Jailos alikuwa dirisha la dawa anahangaika na printa. Akaona kwenye kioo cha kompyuta jina la Hanifa Bushiri: juu ana miaka thelathini na moja, chini ana hamsini na nane. Kumbe walikuwa Hanifa Bushiri wawili. Mmoja anauza vitenge hapa mjini, mwingine ni mama wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, na mfumo ulikuwa umewafanya mtu mmoja. Mwili wa huyu wa vitunguu haupatani na penisilini. Sindano ya penisilini ilishaandikwa kwenye faili lake.

Jailos aliizuia ile sindano. Akafungua mafaili mengine, akakuta kumi na moja yamechanganywa hivyo hivyo. Akampigia mkubwa wake.

"Subiri wenye mfumo waje," mkubwa akamwambia. "Foleni imefika getini. Usiguse kitu."

"Sawa, mkuu," alisema Jailos, akaenda akazima hospitali nzima.

Kwa muda wa saa tano nzima, kompyuta zote zimezimwa, watu waliandikwa kwa kalamu, na Jailos akapita dirisha kwa dirisha akisisitiza kila mgonjwa aulizwe jina lake na jina la mama yake. Hanifa wanaweza kuwa wawili, na kina Bushiri wako wengi. Mama haazimwi.

Alitakiwa kujieleza kwa maandishi. Akaandika mistari miwili: "Nilizima mimi. Wakichanganywa tena, nitazima tena." Akapewa onyo kali, na hakupandishwa cheo mpaka anaingia kaburini. Ile barua ya onyo aliitia fremu, akaitundika sebuleni juu ya picha ya harusi. Lakini swali la jina la mama lilibaki, hospitalini wanaliuliza hadi leo.

Hanifa wote wawili wamekaa hapo mbele, mkekani. Simameni kidogo, ndugu zetu, watu wawahesabu. Mnaona? Wawili.

Februari 2025 figo zake zilianza kushindwa kazi, akalazwa hospitali ile ile. Muuguzi Kudra, aliyezoea kumtania kwa kumwita Bwana Jina-la-Mama, alikuwa amemfahamu miaka kumi na tano. Hata hivyo kila alipoleta dawa alisimama miguuni pa kitanda.

"Kaka Jailos, jina lako kamili?"

"Dada Kudra, si umeshaniita?"

"Jina la mama?"

"Tusekile."

"Haya, meza."

Alikuwa anacheka mpaka shuka linatikisika. Ijumaa tarehe 13 Juni 2025, saa tisa alasiri, Kudra aliuliza tena. Jailos akajibu, "Tusekile," akafumba macho, na hakumeza. Mjini wanasema alikufa akimlilia mama yake. Hakulia. Alikuwa anajibu swali alilolileta mwenyewe.

Ameacha mama, mke wake Sarah, watoto Yakobo na Lusia, bibi yake, redio inayosema Kibemba, na barua moja ya onyo ambayo haishuki ukutani.

Apumzike kwa amani Jailos wa Tusekile. Na huko mlangoni wamuulize vizuri, wasije wakamwandika mtu mwingine.