Sauti Alizozitunza Djamila

Wasikilizaji wapendwa, leo nimeingia hewani bila muziki. Sikuwa na moyo wa kuuchagua. Ni mimi, Apollinaire, na tunamkumbuka Djamila Nassoro, fundi wa redio yetu hapa Mangobo. Djamila alifariki Jumanne iliyopita kwa malaria. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Wengi mnaijua kazi yake. Mtu akifariki, kabla ya arobaini familia ilimletea Djamila simu ya marehemu. Yeye alitafuta humo sauti: salamu, ugomvi mdogo, kicheko. Aliihifadhi kwenye diski ya nje. Diski zilikuwa tatu, kila moja kama kipande cha sabuni. Diski tatu, familia mia moja na arobaini.

Alikuwa mkali nazo. Kompyuta yetu ya mezani ni ya zamani, haina nguvu ya kubeba diski nyingi. Kwa hiyo aliunganisha moja tu, tena kwa nyuma, akangoja taa yake itulie. Akimaliza, hakuchomoa waya kabla kompyuta haijamruhusu. Nilimtania: “Maman Djamila, unaiombea?” Akanijibu: “Cheka tu, papa. Siku diski itaungua, hautacheka.”

Bon. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili sijawahi kulisema.

Mwezi wa tatu redio ilitimiza miaka kumi. Tulipata diski mpya, kubwa, ya kuwekea nakala. Nilitaka sauti zote ziingie humo siku hiyo hiyo, tuzirushe kwenye sikukuu. Djamila aliomba siku tatu, diski moja kila siku. Nikamwambia umeme wa bwawa la Tshopo tunapewa kwa zamu ya saa mbili tu, hatuna muda wa kuchezea. Nilimsukuma. Mimi. Akaunganisha zote tatu pamoja na ile mpya, kwa mpigo.

Na régulateur, kile kisanduku kinachozuia umeme usipande ghafla, hakikuwepo. Kilikaa siku zote chini ya meza, kwa hiyo Djamila hata hakuinama kukitazama. Nilikuwa nimekichukua asubuhi kwa ajili ya friji ya vinywaji vya sikukuu. Sikumwambia.

Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu. Tulisikia harufu ya plastiki. Taa za diski zote nne zilizimika. Vinywaji vilikuwa baridi kabisa.

Moïse, mtengenezaji wa kompyuta, alizifungua mbele yetu. “Yote iliungua,” alisema. “Hakuna kitu tena ndani.” Na zile simu za marehemu zilikwisha kuharibika au kufutwa zamani. Sauti zote zimepotea, wasikilizaji wapendwa. Zote.

Hapo Djamila alianza kutembea, kuzipa familia habari. Mdogo wake, Hemedi, ananiambia: “Nilimuambia, yaya, dada yangu, iseme tu ku redio, inaisha. Akakatala. Akasema mutu hawezi kupoteza mama yake mara ya pili kwa kuisikia ku redio. Anapashwa kuwa amekaa, na wewe umekaa pembeni yake.”

Alikwenda nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Alifika kwa Maman Clémence, muuza kwanga, ile mikate ya muhogo, aliyempoteza binti yake Exaucée. Maman Clémence alinieleza hivi: “Nilimufukuza. Nilimutukana vibaya. Kesho yake akarudi, mvua inanyesha. Tukalia sisi wawili. Sasa sauti ya mutoto wangu naanza kuisahau, papa. Naitafuta mu kichwa, haikuji.”

Kila nyumba Djamila alisema maneno yale yale: “Ni mimi niliunganisha.” Hakutaja haraka yangu. Hakutaja régulateur. Sokoni walimwita muuaji wa marehemu, na mimi nilikuwa pale nanunua samaki. Nilisikia. Nikalipa, nikaondoka. Nimenyamaza miezi mitano.

Homa ilimkuta njiani. Hemedi alimsihi apumzike, akasema bado nyumba chache. Alifika nyumba mia moja na kumi na saba. Hakumaliza.

Hemedi, ndugu yangu, na jamaa wote wa mzee Nassoro, poleni. Mungu amrehemu Djamila. Siombi mnisamehe leo, sina uso wa kuomba. Na wewe unayenisikiliza, jiulize ni nani anabeba lawama yako wakati wewe umekaa kimya. Mwendee angali hai. Mimi nilichelewa.

Orodha yake ninayo hapa mezani. Zimebaki familia ishirini na tatu. Majina siyasomi, yeye hakutaka hivyo. Kuanzia kesho asubuhi nitakuja kwa miguu, nitakaa pembeni yenu, na nitasema ni mimi. Lakini kama uliacha sauti ya mtu wako kwetu, na Djamila hakuwahi kufika mlangoni kwako, basi tayari unajua nitakachokuja kusema.