Siku Benchi Nzima Iliitikia Jina Langu

Wapendwa, hamjambo? Nyinyi wa nyuma sogeeni mbele, mimi siumi mtu.

Nilizaliwa huku Sotik, nikapewa jina la kiume, la kuanza na Kip. Lakini tangu nijijue, mimi ni msichana. Leo nachuma majani chai na wamama wa laini yetu, zile nyumba za wafanyakazi, na wao huniita dada.

Mara ya kwanza kwenda hospitali kupima virusi vya Ukimwi, nilivaa rinda langu la kanisani. Mtu wa dirishani, anayeandikisha wagonjwa, akaita jina la kitambulisho kwa sauti ya mnada. Nikasimama. Ndugu zangu, nawaambia, watu walicheka hadi mtoto mgonjwa akaacha kulia, akanitazama. Nikatoka mbio bila kupimwa.

Baada ya hapo, kila homa nilidhani ndio hiyo. Mpenzi wangu hakutaka hata kusikia habari ya kupima. Nilikonda.

Mama mmoja wa kutoka upande wa ziwa, ambaye tunachuma naye, akaniona. Huyo mama humeza ARV zake, dawa za virusi, katikati ya shamba, saa ya chai, wazi, kama mtu anakula mandazi. Jameni, nilikuwa namwogopa na kumpenda! Nikamweleza yote.

Akasema, "Nyathina, mwanangu, kwani ni jina ndio watadunga? Twende."

Nilidhani tunaenda wawili. Kufika hospitali, wamama wa laini nzima wamejaza benchi na gambuti zao, viatu vya mpira vya shambani. Jina likaitwa. Nikainamisha kichwa. Mama akasimama. Mwingine akasimama. Wote wakasimama, hata nyanya mwenye goti bovu.

Mtu wa dirishani akachungulia. "Nimeita mwanaume mmoja."

"Ndio sisi," mama akamjibu. "Anza na yeyote."

Watu walicheka tena, lakini siku hiyo hata mimi nilicheka. Nikaingia.

Muuguzi aliniuliza, "Nikuite nani?" Sikuwa nimewahi kuulizwa. Nikapimwa, sina virusi. Akanieleza habari ya PrEP, tembe ya kumeza kila siku ili nijikinge, na kurudi kupimwa kila wakati anaponiambia. Nililia hapo kwake bila aibu.

Sasa saa ya chai mama anameza yake, mimi yangu, tunateremsha na kikombe kimoja.

Asante muuguzi. Asanteni wamama. Na yule mama, mnayemwona pale nyuma anajifanya hanijui, Mungu amweke. Sijaona moyo kama huo.

Wapendwa, ukiogopa kupima, usiende peke yako. Na ukiwa kwa benchi, jina liitwe, uone mtu ameinamisha kichwa, simama wewe.