Nimshushe, Nisimshushe?

Fundi Saa alifika kijiweni, akakaa pembeni mwa benchi, kahawa mkononi, haionji, akawasimulia wenzake. Binti yake mchanga alikuwa amekesha akijikuna. Nyumbani mkewe hupiga deki asubuhi na jioni, huchemsha hata midoli, na bado vipele havimwachi mtoto. Daktari kawaambia huenda, huenda tu, usafi umezidi. Mwili usiozoea vijidudu hushindwa kujua adui ni nani. Na kweli, kifungua mimba wao, aliyelelewa na bibi yake akigaagaa na mbuzi, hajui hata mafua.

— “Huenda” ndiyo dawa gani? akauliza Breki, dereva mstaafu aliyeitwa hivyo kwa kukatiza watu maneno.

— Hata mimi sijui.

— Mbona rahisi, akasema Wembe, kinyozi wa pale kando. Askari akikosa vita huwapiga wa nyumbani kwake. Mtoto apewe tope. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.

— Hiyo ni methali ya malezi, Wembe, akamkatiza Breki.

— Kwani hapa tunafuga kuku?

— Mjukuu wangu alikula udongo, akasema Breki, akalazwa kwa minyoo. Hiyo nayo ni kinga?

— Alikula udongo wa kigeni. Udongo una ukoo. Mtoto hupewa wa pale alipozaliwa baba yake.

— Mimi nilizaliwa hospitali, ghorofani, akasema Fundi Saa.

— Basi kwangua ukuta.

— Mwongo huyo, akasema Breki. Kisa ni sabuni za manukato. Vijidudu vikinusa, vinadhani kuna harusi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Fundi Saa alitaka kucheka, akashindwa. Kilichomtisha ni kwamba kila neno, kwa kitambo kidogo, alikuwa akiliamini.

Mara mkewe akatokea, mtoto ubavuni, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

— Hamjambo, shemeji zangu. Baba watoto, mikono imekufa ganzi na huyu anataka kutambaa. Nimshushe, nisimshushe?

Wote wakatazama chini: vumbi, nywele zilizofagiliwa kutoka kwa Wembe, machicha ya kahawa. Breki akakohoa. Wembe akaanza kufuta mkasi uliokuwa safi tayari.

Fundi Saa akampokea mwanawe. Mtoto akajinyoosha kuelekea ardhini, vidole wazi. Baba akainama naye, akafika nusu, akabaki hapohapo, mgongo umepinda, akimtazama mkewe; na mkewe akimtazama yeye.