Mchoraji wa Maghorofa Kumi na Moja

Kijiwe kilikuwa benchi moja refu mbele ya kinyozi, likitazamana na ghorofa jipya la vioo. Kila asubuhi Mchoraji aliketi pembeni kabisa na kikombe chake cha kahawa. Maghorofa kumi na moja ya mji ule yalitoka kwenye penseli yake, na wanakijiwe waliona fahari kukaa naye. Ila tangu lile la vioo lizinduliwe hakushika penseli tena, na kila mtu alikuwa na sababu yake.

Kinyozi alishikilia kwamba ni macho. Mwalimu Mstaafu akakataa: ghorofa linadidimia, na aliyelichora analijua hilo.

— Lididimie liende wapi? — Dobi akamdaka. — Mpanda ngazi hushuka, ndiyo maana wakaweka lifti.

— Methali hiyo na lifti wapi na wapi?

— Wewe kunywa kahawa.

Dobi akazidi kupaa. Akaapa kwamba mzee amesainishwa mkataba asichore tena, maana akiongeza la kumi na mbili jua halitaufikia mji. Wakacheka. Mchoraji naye akacheka kidogo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Ndipo akaja mama mmoja wa makamo, begi begani, miguu imejaa vumbi. Akawaamkia wazee, akauliza kama huu ndio mtaa wa nyumba za mabati. Mdogo wake alikuwa akikaa hapa, na simu yake haipatikani mwaka wa pili sasa.

— Ndio huu, mama, — Kinyozi alijibu, akielekeza kichana kwenye vioo.

— Na waliokuwa wakikaa hapa walihamia wapi?

Mwalimu alitazama ndani ya kikombe chake. Ramani ya mtaa huu aliyoletewa Mchoraji kabla ya ujenzi ilikuwa nyeupe, imeandikwa “eneo wazi”. Alikwenda kukagua mwenyewe, akaziona nyumba, akaziona nguo za watoto kwenye kamba. Akarudi ofisini, akachora.

— Walikuwepo, mwanangu, — alisema hatimaye. — Niliwaona kwa macho yangu. Sikuuliza.

Mama alingoja amalizie. Alipoona hakuna zaidi, alishukuru, akahamishia begi bega la pili, akavuka barabara kwenda kuwauliza wa kijiwe cha mbele.

Hakuna aliyeomba kahawa nyingine.