Chumba Namba Nne na Mawimbi ya Kariakoo

Mgeni rasmi, Profesa Anselmi Ngonyani, Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia utawala, walimu wetu, na ninyi wafanyabiashara wa Kariakoo mliofunga maduka saa nzima ili mfike hapa: itifaki tumeizingatia, na tuliyemsahau atusamehe.

KARIBU

Karibu Chumba Namba Nne, mgeni rasmi. Tunajua umekipita mara nyingi ukielekea ofisini, na leo ndiyo mara ya kwanza umeingia. Joto hili si la Dar es Salaam peke yake. Linatoka kwenye kompyuta kumi na sita kukuu zilizo nyuma yako, ambazo tumeziunganisha zifanye kazi kama moja. Feni tumekuelekezea wewe. Siku nyingine huwa ni ya kompyuta.

TULIKOTOKA

Kazi yetu ilianza na kero. Mchana, Kariakoo ikifurika, simu hazishiki. Mwenye duka Mtaa wa Kongo anataka kumuuliza mtu wake wa stoo kule mtaa wa Gerezani kama mzigo upo, ujumbe unazunguka tu, na mteja anaondoka zake. Tukasema tutayajengea maduka mtandao wao usiotumia waya: visanduku vidogo juu ya milango, kila kimoja kikipokea ujumbe na kumpasia mwenzake.

Kazi ya kupima mawimbi na kuchagua mahali pa kuviweka alipewa mwanafunzi wetu wa uzamili, Evarista Komba. Ameomba risala hii isimtaje. Tumekataa.

KOSA LETU

Risala nyingi hazina sehemu hii. Evarista alipima asubuhi za Jumapili nne mfululizo, kwa sababu mitaa ilikuwa wazi na mtu anaweza kupita na vifaa bila kusukumwa. Sote tulimsifu kwa akili hiyo. Kompyuta zikachora ramani nzuri, visanduku vikafungwa, na Jumatatu saa nne mtandao ukakata roho.

Evarista alikwenda kwa Bi. Badria Khalfani, muuza sufuria, akakuta kisanduku kimefunikwa na sufuria zilizoning'inia kutoka mlangoni hadi darini.

"Shikamoo mama. Sufuria zako zinaziba mawimbi."

"Marahaba mwanangu. Nikizitoa niuze nini, mawimbi? Kwani mlipima lini?"

"Jumapili."

Bi. Badria alicheka mpaka akashika meza. "Sasa si mmepima kuta! Kariakoo yenyewe ilikuwa nyumbani Buguruni, imelala."

Evarista aliona aibu, na aibu ile ilimfaa. Akaanza upya: miezi mitatu, saa sita mchana, kipimo ndani ya kikapu, akijipenyeza kati ya marobota ya mitumba, mikokoteni na sauti za "Dada, pisha!" Alipigwa vikumbo hadi akavizoea.

MAFANIKIO

Hesabu ambayo kompyuta moja ingeifanya kwa miezi minne, hizi zilizo nyuma yako ziliimaliza kwa siku tisa. Zikatuonyesha kwamba visanduku vipandishwe juu ya mabati na vizungumze kwa kuvuka barabara, na duka la sufuria lipokee kwa nyuma, uchochoroni.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Idi, Kariakoo ikiwa haina pa kutia mguu, Bi. Badria akaandika: "Sufuria namba thelathini zimebaki?" Gerezani wakajibu kabla hajaiweka simu chini: "Zipo dazeni sita." Siku hiyo zilitumwa jumbe mia nne na kumi na mbili, zikafika mia nne na tisa. Evarista alilia mbele ya wateja. Bi. Badria akapiga vigelegele, na maduka ya jirani yakaitikia bila kujua kuna nini.

Tulishinda, mgeni rasmi, na tunalisema bila haya. Watafiti wa nchi jirani wamekuja mara mbili kujifunza kwetu. Mara zote walisimama, maana viti vilikuwa viwili.

CHANGAMOTO

Tunayo moja. Barua ya tarehe tatu, yenye sahihi tunayoiheshimu, na mwenye nayo tuko naye hapa, inatutaka tuzime kompyuta na kuhama ifikapo Ijumaa, ili chumba hiki kihifadhi viti vya mahafali. Hatuna ugomvi na viti. Ila hesabu ya soko letu la pili, la Buguruni, ambayo tasnifu ya Evarista inaisubiri, inaendelea hata sasa, na itakwisha Jumanne ijayo. Ikikatwa, Evarista ataianza mwanzo, na muda wake wa masomo unakwisha mwezi huu. Viti vitapata pa kukaa. Yeye mahafali atayasikia kwa wenzake.

OMBI

Tunaomba tubaki katika chumba hiki. Kingine hatuombi.

Bi. Badria, aliyeketi mstari wa mbele, amezipata habari za barua. Ametupa ghorofa nzima ya stoo yake Gerezani, yenye umeme na madirisha mapana. Kuhama kutamuumiza Evarista, lakini kazi hii haitakufa. Hilo halina shaka tena. Jana fundi alileta bango lililokwisha kupakwa rangi nyeupe, akauliza aandike utafiti huu ni wa nani, wa Chuo au wa stoo ya Gerezani. Tumemwomba aweke brashi chini mpaka wewe uzungumze.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, na akupe neno jema dakika hizi chache zijazo.

Ni sisi, Kikundi cha Utafiti wa Mawimbi na Kompyuta, wa Chumba Namba Nne hadi Ijumaa.

Imesomwa na Leticia Mrema, kwa niaba ya wenzake.