Girijavva Hosamani, Mlinzi wa Hadithi za Mfinyanzi

Tarehe 31 Mei, Bi Girijavva Hosamani anastaafu baada ya kuitumikia Maktaba ya Hirekeri kwa miaka thelathini na mmoja. Hapa kazini tunamwita Akka, dada mkubwa, hata wale waliomzidi umri.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini akiandika hadithi za kale, hasa zile za wakweli na za walaghai walioumbuliwa. Aliumwa na mbwa mara nne, na mara zote nne alirudi nyumba ileile kumalizia hadithi.

Msimulizi wake mkuu alikuwa Bibi Ningavva, mfinyanzi asiyejua kusoma, aliyemsimulia hadithi arobaini na mbili huku akizungusha gurudumu lake. Katika mwaka wake wa tisa kazini, Akka alimwazimisha daftari la hadithi hizo msomi mmoja kutoka mjini, Bwana Srikantayya, kinyume cha kanuni. Daftari halikurudi. Mwaka uliofuata msomi alikuja kuzindua kitabu katika ukumbi wetu: hadithi zote arobaini na mbili, eti alizirithi kwa bibi yake mzaa mama.

Msomi aliposoma ya kwanza, Bibi Ningavva alisema kutoka mstari wa nyuma, "Hayo ni maneno yangu." Watu wakamcheka.

Akka akasimama, mpole kabisa. "Bwana, bibi yako alijaliwa. Alikusimulia na ile ya mkamua mafuta na kasuku wake kiziwi?"

"Hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote," msomi akajibu. "Nimekua nayo."

"Makubwa. Mimi nimeitunga leo asubuhi nikisuka nywele."

Ukumbi ukaangua kicheko. Msomi akang'aka, "Kwani hizo nyingine nilizitoa wapi?"

Akka angeweza kunyamaza, maana zaidi ya msomi hakuna aliyejua habari ya daftari. "Kwangu," alisema. "Nilikupa daftari mwenyewe, na sikuwa na ruhusa. Mkuu wangu yupo hapa, ananisikia."

Mkuu alimsikia. Akka alipelekwa stoo mwaka mzima kupangusa vumbi, na hatujapata kumsikia akilalamika. Lakini kitabu kiliondolewa madukani, kikachapishwa upya. Siku kilipofika, Akka alikipeleka mwenyewe kwa mfinyanzi na kukiweka kidole cha bibi huyo juu ya maandishi ya jalada.

"Huyu ni mimi?" Bibi Ningavva aliuliza.

"Ni wewe, Bibi. Jina lako lote, na la baba yako."

Hakukiondoa kidole mpaka chai ikapoa.

Tangu hapo Akka amekusanya hadithi zaidi ya elfu moja mia mbili, na kila moja ina jina la aliyeisimulia na kijiji chake. Wageni kutoka vyuo vikuu huja kujifunza utaratibu huo kwetu, nasi huwaeleza kwa kifua mbele ni wa nani.

Akka, asante. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na miaka mingi ya watu kusimulia hadithi yako wewe sasa.